Karatasi iliyowashinda dada, mpwa na mjane: kisa cha mirathi ya Zamość

Aprili 1665, Jan Zamoyski, ambaye watu walimpa lakabu ya Sobiepan, alifariki akikaribia kutimiza miaka 38. Aliacha mji wenye ngome, akademia, kanisa kubwa lenye makaburi ya wazee wake, na vijiji kwa mamia kusini mashariki mwa Poland. Aliacha pia mjane wa miaka 23, Mfaransa, Marie Casimire d'Arquien, ambaye Wapolandi walimwita Marysieńka. Mtoto hakuacha. Wote waliozaliwa katika ndoa hiyo walikufa wangali wachanga.

Mwezi uliofuata, kabla matanga hayajaanuliwa, mjane alifunga ndoa ya siri na Jan Sobieski, kigogo wa jeshi na wa serikali. Julai wakairudia ndoa hiyo hadharani. Huku nyuma dada wa marehemu, Gryzelda, naye mjane, alikuwa ndani ya Zamość, na hakuwa na nia ya kutoka. Mpwa mmoja alikuwa na macho yake kwenye mali hiyo. Na pembeni kabisa kulikuwa na mzee wa tawi jingine la ukoo, mtu ambaye marehemu asingemtaja hata mara moja kama angeulizwa jamaa zake wa karibu ni nani.

Mwishoni mali ilikwenda kwa tawi la huyo mzee. Ilichukua miaka 11.

Kisa hiki nakipenda kwa sababu kinaharibu picha tuliyozoea ya nasaba. Ukitazama orodha ya wakuu wa ukoo wa Zamoyski unaona majina 16 yaliyopangwa wima, kuanzia 1589 hadi 1944, kama shanga kwenye uzi mmoja. Lakini damu ya mwanzilishi, kwa upande wa wanaume, ilikatika kwa mjukuu wake, huyu Sobiepan. Kuanzia jina la nne hakuna tena mtoto wa mtoto wake wa kiume. Kilichoziunganisha shanga zile ni maandishi.

Mikuki mitatu tumboni

Kila ukoo mkubwa una hadithi ya mwanzo, na ya akina Zamoyski ni ya damu hasa. Inasemwa kwamba mwaka 1331, baada ya vita vya Płowce dhidi ya mashujaa wa Kijerumani wa Msalaba, Mfalme Władysław Łokietek alikuwa akipita kati ya maiti akamkuta mpiganaji mmoja, Florian Szary, amechomwa mikuki mitatu, anarudisha matumbo yake ndani kwa mikono. Mfalme akamhurumia kwa maumivu yale. Florian akajibu kwamba hayo yanauma kidogo kuliko jirani mbaya aliye naye kijijini. Mfalme akaahidi kumwondolea jirani huyo akipona, naye akapona.

Ndiyo maana nembo ya ukoo inaitwa Jelita, yaani Matumbo: mikuki mitatu ya dhahabu kwenye uwanja mwekundu, miwili imepishana na mmoja ncha chini, na juu ya taji kifua cha mbuzi kinachungulia. Kaulimbiu yao ni maneno matatu ya Kipolandi, “To mniej boli”, hii inauma kidogo kuliko ile.

Wanahistoria huipokea hadithi hiyo kama ngano, na mimi nipo nao. Tena nembo ya Jelita haikuwa ya Zamoyski peke yao. Katika Poland nembo moja ilitumiwa na koo nyingi zisizohusiana, kwa hiyo mtu kubeba Matumbo hakumfanyi kuwa ndugu yako. Ila angalia kile ambacho hadithi imechagua kukitukuza: adui wa nje anavumilika, wa mlangoni ndiye anayeua. Tutakutana naye tena mbele.

Chansela asiye na mtoto wa kiume

Mwanzilishi halisi ni Jan Zamoyski wa kwanza, aliyezaliwa 1542 katika familia ya mamwinyi wa kawaida, si matajiri wa kutisha. Alisoma Padua nchini Italia na wanafunzi wenzake wakamchagua kuwa rekta, yaani mkuu wa chuo. Aliporudi alipanda haraka: chansela wa Taji, yaani waziri mkuu wa mfalme mwenye kutunza muhuri, mwaka 1578, hetmani mkuu, yaani amiri wa jeshi, mwaka 1581. Chini ya Mfalme Stefan Batory alikuwa mtu wa pili katika nchi, na mwaka 1583 akamwoa Gryzelda, binti wa kaka yake mfalme. (Huyu si Gryzelda tuliyemwona 1665. Jina limejirudia vizazi viwili baadaye, na msomaji avumilie, kwa kuwa wanaume wengi hapa nao ni akina Jan.)

Mwaka 1580 alianza kujenga mji wake kutoka ardhi tupu. Mchoraji alikuwa Bernardo Morando kutoka Padua, na uwanja wa katikati ulipimwa mita 100 kwa mita 100. Aliwaalika Waarmenia, Wayahudi na Wagiriki waje kufanya biashara, na 1594 akaanzisha akademia. Alipokufa 1605 alikuwa akimiliki miji zaidi ya 10 na vijiji zaidi ya 200.

Sasa ingia kwenye wasiwasi wake. Sheria ya mirathi ya mamwinyi wa Poland haikumpendelea kifungua mimba. Wana wa kiume waligawana ardhi sawasawa, na mabinti kwa pamoja walistahili robo ya mali ya baba, aghalabu kwa fedha ya mahari. Ni sheria ya haki ukiitazama kwa macho ya watoto. Kwa macho ya chansela aliyejenga mji mzima, ni sheria inayoyeyusha kila kitu ndani ya vizazi vitatu: vijiji 200 vikigawanywa kwa wanne, kisha kila fungu kwa watatu, wajukuu wanabaki na mashamba ya kawaida na kesi za mipaka.

Dawa yake ilikuwa ordinasia. Julai 1589 alipata idhini ya Sejm, bunge la mamwinyi, kwamba sehemu kubwa ya mali yake itakuwa kitu kimoja kisichouzwa, kisichowekwa rehani na kisichogawanywa. Mtu mmoja tu ndiye angeishika, aitwaye ordinati, na ingekwenda kwa mwana mkubwa. Ikiwa hakuna, kwa mwanamume wa karibu zaidi katika ukoo uleule, tawi kwa tawi. Mabinti wapewe fedha, ardhi wasiiguse.

Msomaji aliyekulia Lamu au Unguja atasema: si wakfu huo? Vinafanana kwa kuwa mali haiuzwi. Lakini nyumba ya wakfu wa ukoo hunufaisha watoto wote kwa pamoja, ilhali ordinasia humpa mmoja yote na wenzake ikawaachia jina.

Kuna jambo dogo la tarehe ambalo kwangu ndilo ufunguo wa kisa chote. Mwana pekee wa chansela aliyeishi hadi kukua, Tomasz, alizaliwa 1594, kwa mke wa nne, Barbara Tarnowska. Hati iliandikwa 1589. Mtu huyu aliandika sheria ya mwana mkubwa miaka mitano kabla ya kumpata mwana huyo. Kifungu cha matawi ya pembeni hakikuwa pambo la mawakili basi. Alikiandika akiwa na miaka 47, nyumba yake haina mrithi, akijua vizuri kwamba huenda kifungu hicho ndicho kitakachotumika.

Kikatumika, ila baada ya kifo cha mjukuu wake.

Watoto wawili na kiti kimoja

Mara mbili mfululizo mali ile iliangukia mikononi mwa mtoto. Tomasz alikuwa na miaka 11 baba yake alipokufa. Alipokufa yeye, 1638, mwanawe Jan alikuwa na miaka 10. Tomasz alikuwa amemwoa Katarzyna wa ukoo wa Ostrogski, mmoja wa koo tajiri kuliko zote, na wakazaa watoto watatu: Gryzelda, Joanna Barbara na Jan.

Jan ndiye Sobiepan. Lakabu hiyo maana yake ni bwana wa nafsi yake, mtu asiyeamriwa. Ngome ya Zamość ilistahimili mazingiwa ya Wakozaki, wapiganaji wa nyika za Ukraine, mwaka 1648 na ya Waswidi mwaka 1656, wakati sehemu kubwa ya nchi ilikuwa imesalimu amri, na hilo lilimpa jina. Mwaka 1658 akamwoa Marysieńka, msichana aliyeletwa Poland akiwa mtoto katika msafara wa Malkia Marie Louise Gonzaga. Ndoa ilikuwa mbaya. Mume alipenda meza na marafiki, mke alikuwa akiandikiana barua na Sobieski. Sitakaa sana hapo, maana waandishi wa mapenzi wamekwisha kukaa pa kutosha.

Dada zake ndio muhimu kwetu. Joanna Barbara aliolewa na Aleksander Koniecpolski, akafa 1653, akamwacha mwana aitwaye Stanisław. Gryzelda aliolewa 1639 na Jeremi Wiśniowiecki, bwana wa ardhi pana mno ng'ambo ya mto Dnieper katika Ukraine ya leo. Mwaka 1648 Wakozaki waliasi na ardhi ile ikapotea. Mwaka 1651 Jeremi akafa. Gryzelda akabaki mjane mwenye cheo cha binti mfalme kwenye karatasi, mwana mmoja wa kiume aitwaye Michał, na ardhi ambayo hangeweza kuikanyaga. Akarudi kwa kaka yake.

Ukimwona mama huyu katika vitabu, aghalabu amechorwa kama mtu mkali na mwenye tamaa. Mimi namwona kama mtu aliyekwisha kupoteza utajiri mmoja, anautazama wa pili ukiondoka, na anauliza kwa nini. Alizaliwa katika mali hiyo. Alikuwa mtoto wa Tomasz na mjukuu wa chansela. Aliyekuwa akija kuidai hakuwa hata mmoja wa hao.

Madai manne

Kwa sheria ya kawaida ya nchi, kaka akifa bila mtoto, dada zake na watoto wao ndio warithi. Gryzelda alisimama hapo, na Stanisław Koniecpolski alisimama hapo kwa jina la mama yake. Marysieńka alikuwa na hati ya ndoa na haki za mjane, sasa akisukumwa na mume mpya mwenye jeshi nyuma yake. Na Zdzisław Jan Zamoyski, kasztelani (cheo cha seneta) wa Chernihiv, wa tawi la pembeni, alikuwa na kifungu kimoja cha 1589.

Swali la kisheria lenyewe lilikuwa rahisi. Sobiepan alikuwa na mali za aina mbili. Kulikuwa na zile za urithi wa mama na za ununuzi, ambazo zilifuata sheria ya kawaida na ambazo dada na mpwa walikuwa na haki nazo. Kisha kulikuwa na ordinasia, ambayo kwa maandishi yake haikuwahi kuwa mali ya Sobiepan kwa maana ya kuiachia mtu. Alikuwa mshikaji wa zamu. Zamu yake ikiisha, mlango unafunguka kwa mwingine, na dada hayumo katika foleni.

Ugumu ulikuwa mlango wenyewe. Zamość ni ngome. Aliye ndani ana mizinga, hazina, hati na wahasibu. Aliye nje ana hoja. Gryzelda alikuwa ndani. Akaikalia mali, na Zamoyski wa tawi la mbali wakaanza safari ndefu ya mahakama na bunge.

Kisha 1669 siasa ikageuza meza. Mamwinyi wadogo, wamechoka na wagombea wa kigeni, walimchagua kuwa mfalme Michał Wiśniowiecki, mwana pekee wa Gryzelda, kijana ambaye sifa yake kubwa ilikuwa jina la baba. Mdai akawa mama wa mfalme. Mwaka uliofuata Zdzisław Jan akafa bila kuionja mali, madai yakabaki kwa mwanawe Marcin. Kama ungelazimika kuweka dau mwaka 1670, ungeliweka kwa Gryzelda bila kufikiri.

Aprili 1672 Gryzelda alifariki. Koniecpolski akaishika Zamość, jambo linaloonyesha kwamba hata baina ya warithi wa damu kanuni ilikuwa ileile, wa kwanza kuingia ndiye mwenye nyumba. Novemba 1673 Mfalme Michał naye akafa, hana mtoto. Mei 1674 mamwinyi wakamchagua mfalme mpya, na mfalme huyo ni Jan Sobieski, mume wa mjane. Fikiria: ndani ya miaka mitano kesi moja ya mirathi imeipa Poland mfalme kutoka upande wa dada na mwingine kutoka upande wa mke.

Marcin akaingia Zamość mwaka 1674. Sejm ya kutawazwa kwa Sobieski, mwaka 1676, ikamthibitisha kuwa ordinati wa nne.

Kwa nini karatasi ilishinda

Jibu jepesi ni kwamba sheria ilikuwa upande wa Marcin. Lakini sheria ilikuwa upande wake tangu siku ya mazishi, na bado alisubiri. Jibu la wenye uchungu na dunia ni kwamba wapinzani wake walikufa kwa mpangilio mzuri. Hilo nalo halitoshi, kwa sababu Koniecpolski alikuwa hai na akaendelea kuishi hadi 1682.

Mimi nafikiri nguvu ya hati ile ilikuwa mahali ilipopitishwa. Ingekuwa wosia wa chansela peke yake, mama wa mfalme angeuvunja asubuhi moja. Hati ya bunge ilikuwa jambo jingine. Kuivunja kulihitaji bunge jingine, na katika Sejm ya karne ile mbunge mmoja tu angeweza kuvuruga kikao kizima kwa kusema hapana. Mamwinyi hawakuzipenda ordinasia hata kidogo, walizitilia shaka kwa kuwafanya wachache kuwa wakubwa mno. Ila walilichukia zaidi wazo la koo mbili kubwa, Wiśniowiecki na Koniecpolski, kumeza ya tatu. Na Sobieski, ambaye alikuwa kiongozi wa upinzani katika utawala wa Michał, hakuwa na sababu ya kuuachia upande ule chochote.

Linganisha na ordinasia ya Ostróg, iliyoanzishwa 1609 na ndugu wa upande wa mama wa Sobiepan. Nayo ilipoteza ukoo wa mwanzilishi mapema. Nayo ilipita mikono ya mabinti na waume zao hadi ikamfikia Janusz Sanguszko, mtu mwenye madeni kuliko miaka ya maisha yake. Mwaka 1753, pale Kolbuszowa, aligawa mali yote kwa marafiki na wadai, na pamoja na kelele zote zilizopigwa, ordinasia ile ilikwisha. Tofauti ninayoiona ni hii: huko hakukuwa na Marcin. Hakukuwa na tawi lenye jina lilelile lililokuwa tayari kusimama mlangoni miaka 11. Kifungu cha matawi hakina maana kama matawi hayana njaa.

Yaliyofuata

Wote waliofuata ni uzao wa Marcin, na hata humo mstari haukunyooka. Wa tano na wa sita walikuwa ndugu. Wa tisa na wa kumi ndugu. Wa kumi na moja na wa kumi na mbili ndugu tena. Andrzej, wa kumi, ndiye aliyeandika mkusanyo wa sheria uliokataliwa na Sejm mwaka 1780. Vyeo vya kikabaila vya “count” vilikuja baada ya nchi kugawanywa, kutoka kwa watawala wa kigeni. Austria iliifunga akademia 1784. Mwaka 1821 ordinati wa kumi na mbili, Stanisław Kostka, aliiachia serikali mji wenyewe wa Zamość ili uwe ngome ya dola, akapewa mali nyingine badala yake. Kisichouzwa kiliuzwa, basi, ilipobidi, na ofisi za mali zikahamia Zwierzyniec msituni.

Mwaka 1922 ukubwa ule uliwagharimu. Maurycy Zamoyski, ordinati wa kumi na tano, aligombea urais wa Poland katika kura ya bunge na akaongoza duru za kwanza. Katika duru ya mwisho wabunge wa wakulima walimkimbia mtu mwenye ardhi kuliko yeyote nchini, wakampa kura Gabriel Narutowicz, ambaye aliuawa kwa risasi wiki moja baada ya ushindi. Jirani mbaya wa Florian alikuwa amegeuka: safari hii, machoni pa wanakijiji, alikuwa Zamoyski.

Maurycy alikufa Mei 1939. Jan, wa kumi na sita na wa mwisho, alipokea mali miezi michache kabla ya vita. Kuanzia Novemba 1942 Wajerumani walifukuza watu zaidi ya 100,000 kutoka vijiji vya eneo la Zamość ili kuweka walowezi wao. Katika kambi ya Zwierzyniec, kiangazi cha 1943, watoto wadogo walikuwa wakifa nyuma ya waya. Jan na mkewe Róża walikwenda kuwaombea kwa Odilo Globocnik, mkuu wa SS wa Lublin, na wakafanikiwa kuwatoa mamia ya watoto wasiofika miaka sita, wakawalea katika jengo walilolifungua hapohapo Zwierzyniec.

Septemba 1944 serikali mpya ya kikomunisti ilitangaza mageuzi ya ardhi na ordinasia ikafutwa. Jan alikamatwa 1949, akahukumiwa kifungo cha miaka 15, akatoka 1956. Alikufa 2002. Mwaka huohuo wakazi wa Zamość walipiga kura kumchagua meya wao moja kwa moja kwa mara ya kwanza, wakamchagua mwanawe. Jina lake ni Marcin.